Nani Kakwambia Mama Anataka Chupa Nyingine ya Chai?

Kila Desemba ikishafika katikati, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hugeuka ghala. Sisi watu wa Mara tunajuana kwa mizigo. Huyu kabeba spika yenye taa za rangi, kaifunga kamba za manila mpaka imekuwa maiti. Yule kabeba seti ya sufuria na zulia lililoviringishwa, tena zulia la kwenda kutandikwa kwenye sakafu ya udongo. Kondakta anafoka kwamba buti limejaa, mwenye spika anafoka kwamba kalipia, na safari ya kuivuka nchi nzima hadi Musoma inaanza kwa ugomvi wa mzigo wa nani ulale chini ya wa nani. Mwisho wa safari hiyo, kijijini kwetu Kiriba, anasubiri mama ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka muziki nyumbani kwake.

Nasema wazi, na wa kununa anune. Sehemu kubwa ya tunavyobeba kwenda nyumbani sikukuu ni matangazo. Tunamtangazia jirani, tunamtangazia mlevi wa kilabuni, tunamtangazia yule binti aliyetukataa tukiwa kidato cha pili, kwamba mjini mambo yamekubali. Mama, baba, shangazi na wadogo zetu tunawatumia kama nguzo za kutundikia bango. Halafu tunakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, tunasubiri kushukuriwa.

Mwenye ubishi aende kwa mama yeyote wa Kiriba aliye na watoto mjini, amwombe afungue kabati la vyombo. Chupa za chai zimejipanga mstari, nyingine bado zina karatasi ya dukani ubavuni. Hotpoti za rangi tatu zimelala moja ndani ya nyingine. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu havijawahi kuonja chai tangu vifike. Chai yenyewe inachemshwa kwenye sufuria lilelile jeusi lililobonyea upande mmoja, na mama anaywea kikombe cha plastiki chenye ufa. Ukivuka kidogo kwenda Butiama utakuta Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na humo zimo zawadi alizopewa Mwalimu na watu wa ndani na nje ya nchi. Pale ndipo mahali pake, maana zawadi anayopewa mkuu wa nchi hutengenezwa ili itazamwe. Lakini kabati la mama sasa limekuwa tawi la makumbusho hayo, na mama mwenyewe ndiye mlinzi asiyelipwa, kazi yake kufuta vumbi kila Ijumaa na kuwafukuza wajukuu wasiguse.

Na hata kama angelipikia hilo sufuria jipya, hebu tuulizane, sufuria ni zawadi ya nani? Ugali utakaosongwa humo tutaula sisi. Chai itakayokaa kwenye hiyo chupa tutainywa sisi na wageni wetu. Mwanamke amepika miaka arobaini, na sisi watoto wake, tuliosoma, tuliovaa miwani ya jua, tunakaa dukani Kariakoo tunawaza tumfurahishe kwa kitu gani, tunafikia uamuzi: tumwongezee zana za kupikia. Hakuna mtu anayemnunulia baba jembe kwa ajili ya Krismasi akategemea atacheka. Mama ndiye tunayemletea jembe lake kila mwaka, tukaliita sapraizi.

Jumapili kanisani, badala ya kupiga picha za kuweka status, mtazame mama yako anavyoshika kitabu cha Tenzi za Rohoni. Anaunyoosha mkono wote mpaka kiwiko kinagoma. Anarudisha kichwa nyuma, anakunja uso, anasogea dirishani kwenye mwanga. Ubeti wa kwanza anaimba kwa nguvu kwa sababu anaujua kwa moyo. Ukifika wa tatu anachezesha midomo tu. Huyo anahitaji miwani ya kusomea. Anaihitaji tangu siku nyingi, na kila mwaka watoto wake wanapita mbele ya machinga aliyetandaza miwani hiyohiyo barabarani, wanaelekea kwenye duka la hotpoti. Mpeleke Musoma mjini akapimwe macho, kisha mnunulie na Biblia ya maandishi makubwa, ambayo Chama cha Biblia kinaichapa. Ukitaka na cha kumpendeza machoni, mnunulie kitenge, lakini kitenge alichokichagua yeye, umpigie picha za dukani umtumie kwa simu ya mjukuu. Mama zetu wanakijua kitambaa. Wengi wao wamelima pamba, na wamekulia karibu na kiwanda cha nguo cha MUTEX cha Musoma, enzi hizo mkoa una kiwanda cha kujivunia. Usimletee kitambaa kinachochuja rangi kwenye maji ya kwanza ukadhani hataona. Ataona, atanyamaza, na atakishona pazia.

Majirani zetu Wasabato, nao ni wengi ukanda huu wa Majita na Musoma, hawana makuu na Krismasi, na wengine hutucheka kwa pilikapilika zetu. Wasitucheke sana. Watoto wao wakija likizo ya mwisho wa mwaka, buti la basi ni lilelile na chupa za chai ni zilezile.

Mchumi mmoja wa Marekani, Joel Waldfogel, aliwahi kuwauliza wanafunzi wake wa chuo wangekuwa tayari kulipa kiasi gani wajinunulie wenyewe vitu walivyopewa Krismasi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1993 yalionyesha kwamba kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani ya zawadi inapotea hivihivi, mtoaji kalipa na mpokeaji haioni. Wenzake walimshambulia wakisema kaigeuza Krismasi kuwa daftari la duka, na mimi kwa hilo siwalaumu. Lakini kuna jambo ndani ya utafiti ule ambalo lingetosha kutuaibisha Kiriba nzima. Zawadi zilizopoteza kidogo zilikuwa za marafiki na wapenzi, watu wanaoonana kila siku. Zilizopoteza zaidi zilikuwa za ndugu wa mbali, kina shangazi na wajomba. Yaani hasara ilipimwa kwa umbali, kadiri unavyomjua mtu kidogo ndivyo unavyomnunulia upuuzi. Kwa Wamarekani wale, wasiojua kitu walikuwa wajomba. Kwetu ni mtoto wa kuzaa ndiye asiyejua mama yake anaumwa goti gani.

Kuna watakaosema basi dawa ni hela, tutume hela, kila mtu ajinunulie anachotaka. Sina ugomvi na hela. Kwa mama mwenye deni dukani, hela ni zawadi nzuri kuliko zote. Ugomvi wangu ni namna tunavyoituma. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, kumtumia mzazi imekuwa kazi ya dakika moja, na kwa sababu ni dakika moja tumeigeuza iwe ya kutupa. Tarehe 24 Desemba, saa mbili usiku, mtu yuko baa, anabonyeza simu, inaenda elfu ishirini bila ya kutolea. Anarudisha simu mfukoni, dhamiri nyeupe. Asubuhi mama anatafuta bodaboda kumpeleka kwa wakala, wakala hana floti kwa sababu kijiji kizima kimetumiwa hela usiku uleule, anapelekwa Mugango, kule kuna foleni, na akishakatwa makato na kumlipa boda kwenda na kurudi anabaki na hela ya kilo ya nyama na chumvi. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 tulipiga kelele nchi nzima hadi serikali ikaipunguza, na ilikuwa haki yetu kupiga kelele. Lakini tozo hii tunayomtoza mama sisi wenyewe, kwa uvivu wa kuongeza elfu mbili ya kutolea na kutuma siku nne mapema, mbona hakuna aliyeilalamikia?

Nije kwa wanaume, maana hao hatuwajui kabisa. Baba mdogo ni mvuvi wa dagaa. Tangu ujana wake kazi yake ni usiku: taa majini, wavu, mtumbwi wa tajiri, na kurudi alfajiri akiwa ameloa hadi mfupani. Mwezi ukiwa mpevu anapumzika, kwa sababu dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi. Giza likirudi, naye anarudi ziwani. Huyu mtu, Krismasi moja, aliletewa suti. Suti nyeusi ya vipande vitatu kutoka Dar, imefungwa kwenye nailoni yenye zipu. Tulipiga picha sana siku ile. Suti inaning'inia chumbani mpaka leo na hutoka kwenda msibani tu. Amezika nayo wavuvi wenzake.

Wavuvi wenzake, nasema, na wengine hawakufa kwa malaria. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kusimuliwa. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba, na hakuna ukoo kanda hii ambao haukuguswa, kwa damu au kwa urafiki. Tarehe 20 Septemba 2018 kikapinduka kivuko cha MV Nyerere pale Ukara, wakafa watu zaidi ya 220 huku nchi kavu inaonekana kwa macho. Hivyo ni vyombo vikubwa, vilileta viongozi na kamera. Mtumbwi ukizama hauleti kamera. Mwishoni mwa Julai 2023, kule Mchigondo wilaya ya Bunda, watu walikuwa wanarudi kutoka ibadani kwa mitumbwi, ikazama, wakafa zaidi ya 10, wengi wao watoto. Walikuwa wametoka kumwomba Mungu. Magazeti yaliandika siku chache, halafu yakaendelea na siasa.

Sasa nenda ufukweni Bwai alfajiri wavuvi wanaposhuka, uhesabu mwenyewe waliovaa jaketi okozi. Kisha uhesabu nyumba zao zenye spika.

Bei ya boya la kuvaa mwilini haifikii bei ya zile spika tunazogombania nazo buti. Duka la vifaa vya uvuvi unalipita ukielekea kwenye duka la muziki. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu jambo hili si la ufukara. Hela ipo, tumeiona, imepiga kelele mkesha mzima hadi kuku wakahama banda. Tatizo ni kwamba jaketi okozi halina taa za rangi. Ukimletea baba mdogo boya la rangi ya chungwa, jirani hatauliza umelinunua wapi, na pengine mtu atacheka kwamba mtoto wa mjini kaleta nini hiki. Basi tunamwacha mtu aende majini na shati, ili sisi tusichekwe.

Nimeshasikia utetezi: wavuvi wenyewe hawayavai, wanasema yanabana mtu akivuta wavu, wanasema ni ya waoga. Ni kweli wanasema. Ndiyo maana nasema mjue mtu wako. Mpime kifua, ununue la kumkaa vizuri, lisilombana makwapani, kisha umkabidhi mbele ya mama mdogo. Usitoe hotuba. Mwachie mama mdogo kazi iliyobaki. Mwanaume wa Kiriba anaweza kumbishia ofisa uvuvi, anaweza kuwabishia TASAC wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, na serikali yote, lakini atatoka vipi mlangoni usiku bila lile boya wakati mkewe kasimama nalo mkononi?

Watoto nao tumewaonea. Gari la polisi la betri linalolia king'ora linaletwa tarehe 25, tarehe 27 betri imekwisha, tarehe 28 limefunguliwa kutafutwa sumaku. Hapo sina neno, kutafuta sumaku ni elimu. Neno langu ni kwamba mtoto huyohuyo Januari ataenda shule na ndala. Ada iliondolewa kuanzia mwaka 2016, sawa, lakini viatu vyeusi, soksi, sweta na madaftari havikuondolewa, na mzigo huo unamwangukia bibi anayelea watoto wa watoto wake watano. Hata hivyo, usije ukageuka ukawa mwalimu wa zamu, ukamletea mtoto wa miaka minane daftari na kalamu Krismasi ukategemea akuchangamkie. Viatu vya shule mkabidhi bibi, avifiche mpaka shule zifunguliwe. Mtoto mletee mpira. Mpira halisi, wa kujazwa upepo, pamoja na pampu yake, maana mpira bila pampu ni kofia. Watoto wa kijijini wanacheza chandimu kwa mpira wa kusokota wenyewe, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, hata mali ghafi ya kusokotea imekuwa ya kutafuta. Mpira mmoja unafurahisha watoto wa vitongoji viwili, kuanzia asubuhi mpaka mtu aitwe kwa fimbo.

Na marafiki? Hapa tumeoza kabisa. Kuna yule rafiki aliyebaki kijijini, mliyekaa naye dawati moja shule ya msingi, ana bodaboda. Mama alipozidiwa usiku, wewe ukiwa Dar umelala na feni, yeye ndiye aliyempakia, akamfunga kwa kanga mgongoni kwake asianguke, akaenda naye kwenye giza mpaka Musoma, mpaka hospitali ya Kwangwa, akakaa nje kwenye benchi hadi kukakucha. Wewe ulituma ujumbe: "Asante kaka, Mungu akubariki." Desemba ukaja. Ulimpa nini? Ulimnywesha bia mbili ukaongea wewe tu. Au ulimpa ile jinzi uliyochoka nayo, imechanika paja, ukasema hii ndiyo fasheni. Mtu aliyemwokoa mzazi wako unamkabidhi mtumba wako wa mguu. Nenda kaangalie tairi lake la nyuma. Limekwisha mpaka nyuzi zinaonekana, na ndilo litakalombeba mama tena siku nyingine usiku. Mnunulie tairi na tyubu yake. Hutahitaji karatasi ya maua kulifungia.

Huku mjini nako maofisini tumeanzisha michezo ya kuchaguliana majina kwenye kikombe, kila mtu amnunulie mwenzake kwa siri. Wote tunarudi nyumbani na kikombe chenye maandishi. Sipotezi wino hapo.

Nataka tuangalie upande wa pili, upande ambao hakuna anayeuandika. Siku ya kurudi mjini, nani anatoa? Saa kumi alfajiri mama ameshaamka. Amefunga unga wa muhogo kwenye kiroba na kukishona mdomo kwa uzi wa gunia. Kuna michembe kwenye mfuko mdogo, kwa sababu anakumbuka mtoto wako wa pili alikuwa anaitafuna mwaka juzi. Kuna jogoo kafungwa miguu, na jogoo huyo si wa kuokota njiani, alishateuliwa tangu Oktoba na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa hata wageni walipokuja. Na kuna dagaa. Wachukue hao dagaa mkononi uwaangalie. Ni wakavu, wana mng'ao wa fedha, na ukiwatafuna hakuna kinachokwaruza jino. Dagaa wengi wanaanikwa chini, wanakusanya mchanga, ukiwaosha mara tano bado unasikia mchanga kwenye ugali. Mkeo alilalamikia hilo mara moja, kwa utani, mezani, na wala hakumwambia mama, alikwambia wewe. Mama alisikia akiwa jikoni. Tangu siku hiyo mkwe wake anafungiwa dagaa walioanikwa kwenye chanja tu, na mama anakwenda mwenyewe kuwachagua, anawanunua bei ya juu.

Huyo ni mwanamke asiye na duka la zawadi, asiye na mshahara, asiyejua kuna kitu kinaitwa ofa ya mwisho wa mwaka. Kila alichokifunga kina jina la mtu. Na sisi tuliokuja na buti zima hatukuwa na hata kitu kimoja ambacho kisingeweza kupelekwa nyumba ya jirani bila mtu yeyote kugundua. Spika ingekaa popote. Chupa ya chai ingekaa popote. Halafu njiani, pale Bunda basi likisimama, tunawasikia vijana wakinong'ona kwamba kiroba kinanuka samaki, mama naye, kwa nini anatubebesha mizigo.

Kuna wakati tunatoa kwa kumjua mtu kweli, nao ni wakati amekufa. Msiba ukitokea Kiriba, kundi la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyohiyo. Mhazini anateuliwa. Michango inamwagika, majina yanaorodheshwa na viwango vyake ili aliyetoa kidogo aone aibu. Gari la kubeba mwili kutoka Dar, maturubai, viti, wapishi, sare za kitenge, mpiga picha wa video. Ghafla kila mtu anakumbuka marehemu alipenda rangi gani, alipenda wimbo gani, alipenda samaki gani. Kumbe tulikuwa tunayajua! Na alipokuwa hai je? Bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilikuwa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Elfu thelathini, kaya nzima. Ni chini ya bei ya katoni mbili za bia tulizoangusha usiku wa kuamkia mwaka mpya. Ni wangapi walifunga kadi ile kwenye bahasha ya Krismasi wakampa baba? Utaratibu wa bima unabadilika, gharama zinapanda, nenda kaulize zahanati wanasemaje sasa. Lakini usiniambie hukuwa na uwezo, nami nimeona jina lako kwenye orodha ya michango ya jeneza.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, baada ya utumishi wake wote, jeshi lilimjengea nyumba nzuri pale Mwitongo, Butiama, kama shukrani. Aliishi humo muda mfupi tu kabla ya kufariki London, Oktoba 14, 1999. Zawadi ilikuwa ya heshima, na aliyepewa alistahili kupewa. Lakini kila nikipita pale nawaza tunavyopenda kuchelewa, sisi tunaosubiri tuwe na hela ya nyumba ndipo tukumbuke kwamba mzee alihitaji koti la baridi ya ziwani tangu mwaka ule.

Sijamaliza. Nimewachapa wa mjini, sasa nanyi mliobaki nyumbani mnisikilize, na nasema kwa heshima, wazee wangu shikamooni.

Mnatufundisha nyie. Mtoto akishuka kwenye bodaboda, kabla hajaulizwa kalala wapi njiani, macho yameshafika kwenye begi. Shangazi anapima uzito wake kwa kulinyanyua, eti anamsaidia. Mzee anasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mwenzio wa jirani kaleta sola na televisheni, wewe umekuja na miwani?" Mnamsifia kibarazani mwenye spika, ilhali mnajua, nanyi mnajua kabisa, kwamba spika ile imenunuliwa kwa mkopo wa kausha damu na Februari mwenzenu atakuwa anakimbia wadai. Mnamcheka aliyekuja na tairi la pikipiki. Mnasema mkono mtupu haulambwi, methali nzuri, lakini mmeigeuza kuwa kizuizi cha barabarani, asiye na kitu asipite.

Na hawapiti. Mimi ninawajua vijana wa Kiriba walioko Geita kwenye mashimo ya dhahabu, walioko visiwani kwenye kambi za dagaa, walioko Dar wanasukuma mikokoteni Kariakoo, ambao hawajakanyaga nyumbani mwaka wa nne, wa sita. Si kwamba hawana nauli. Nauli wanaitafuta wanaipata. Wanapiga hesabu ya nauli, halafu wanapiga hesabu ya zawadi ya baba, ya mama, ya baba mkubwa, ya shangazi mwenye mdomo, ya majirani watakaokuja "kusalimia" mmoja baada ya mwingine mpaka usiku, na hesabu inawashinda, wanazima simu tarehe 23 na kuiwasha Januari 2. Wanasema mtandao ulisumbua. Mama anakaa sikukuu nzima akisikiliza kila pikipiki inayokata kona, na chupa za chai za kaka zake huyo kijana ziko kabatini zimejaa.

Mzee wangu, wewe uliyemsimanga yule kijana mwaka ule mbele ya watu kwa sababu alileta kilo mbili za sukari na mchi wa sabuni, ukatangaza kwamba hata mbwa wako anakula vizuri kuliko hiyo zawadi: yule kijana anavua Rukuba. Ni kisiwa cha ziwa hilihili letu. Hajarudi, na ulimsikia mwenyewe mama yake juzi kisimani akisema hajui kama atarudi mwaka huu, halafu jioni ukakaa kilabuni unalalamika kwamba watoto wa siku hizi wamewasahau wazazi.